Swali Lililochelewa Miaka Tisa

Siku ya nne mfululizo Otmar Makoye alikatiza uani mbele ya Salvina, akavua kofia yake, akasema, "Habari za kutwa, Mwalimu," kisha akaingia chumbani kwa Mzee Stanslaus, na mlango ukafungwa.

Salvina alibaki ameshika ungo wa mchele. Mwalimu! Mtu ambaye miaka tisa iliyopita alikuwa akimwita Salvi, tena kwa sauti ya chini kama anayeogopa jina lisije likadondoka likavunjika, leo anamwamkia kama mzazi aliyekuja shuleni kuulizia maendeleo ya mwanawe.

Akasogea hadi chini ya dirisha la chumba cha baba yake, akijifanya anafuata kivuli. Alipeta taratibu ili ungo usipige kelele. Sauti ya baba yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayebembeleza. Alinasa maneno machache tu: "... yule mdogo bado ana damu changa ..." Otmar akajibu kitu kisichosikika. Baba yake akakohoa. Basi.

Yule mdogo. Ndani ya nyumba ile mdogo alikuwa mmoja tu, Zipora, mwenye miaka ishirini.

Salvina aliendelea kupeta. Alijiambia kuwa halimhusu. Halafu akagundua kwamba mchele wote aliokwisha kuusafisha ameumwaga chini.

Hapo Ushirombo watu wazima wote waliijua habari ya Salvina na Otmar, ingawa hakuna aliyeitaja mbele yake. Mwaka 1972 Salvina alikuwa na miaka ishirini na miwili, yuko chuo cha ualimu, amerudi nyumbani likizo. Otmar alikuwa kijana wa Kisukuma kutoka Mhunze, mchimbaji wa almasi kule Maganzo, hana ng'ombe wala shamba, ana mikono mipana na kicheko cha karibu. Alikuja Ushirombo kumzika rafiki yake, akakaa wiki tatu badala ya siku tatu. Katika wiki hizo tatu walikubaliana kuoana. Ndipo shangazi yake Salvina, Epifania, alipomwita jikoni akamwambia kwa machozi, "Mwanangu, huyo mwanamume ana mwanamke Maganzo, na mwanamke ana mimba. Usinitie aibu."

Salvina hakumuuliza Otmar. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote. Alimfuata pale kituo cha basi, akamwambia kwa maneno manne, "Sitaki tena. Nenda kwenu," akageuka. Otmar aliita jina lake mara mbili. Hakugeuka.

Tangu siku ile miaka tisa ilikuwa imepita. Mama yake Salvina alikuwa amefariki, baba yake alikuwa ameingiwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na Salvina alikuwa amekataa posa mbili bila kueleza sababu. Otmar naye alikuwa amerudi, sasa ni fundi mkubwa wa visima, ameitwa na parokia kuchimba kisima kipya nyuma ya kanisa. Mvi chache zilikuwa zimemwota juu ya masikio. Kicheko ndicho alichokuwa hajarudi nacho.

Jioni ile, Otmar alipokwisha kuondoka, Zipora aliingia jikoni akizunguka kama mtu anayecheza ngoma. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, cha bluu na maua ya rangi ya dhahabu, kitambaa ambacho mwaka ule wa 1981 usingekiona dukani hata ungepanga foleni wiki nzima.

"Dada, hebu nitazame!"

"Umekipata wapi?"

"Amenipa baba."

"Na baba kakipata wapi? Baba hatoki nje bila kushikwa mkono."

Zipora akapunguza kuzunguka. "Nadhani ni yule fundi. Baba amesema ni zawadi, nisiulize maswali. Tena amesema nisikuoneshe wewe kwanza." Akaziba mdomo kwa kiganja. "Nimeshasema."

"Kwa nini usinioneshe?"

"Sijui, dada. Kwani yule fundi ana nini? Mimi naona ni mtu mzima tu, kama mjomba. Kila nikipita ananiuliza wewe umetoka shule saa ngapi."

"Ananiulizia mimi?"

"Labda anataka kujua ni saa ngapi hupo," alisema Zipora, bila ubaya wowote, akatoka kwenda kujitazama kwenye kioo.

Salvina alisonga ugali wa jioni ile kwa nguvu kama anayegombana nao. Sasa kila kitu kilikaa mahali pake. Otmar hakurudi kwa ajili ya kisima. Alirudi kumwonesha. Angemwoa mdogo wake, amweke Salvina mstari wa mbele kanisani, amfanye awe anamwita shemeji hadi kufa. Mwanamume aliyekataliwa kituoni mbele ya watu anaweza kulihifadhi jambo miaka tisa. Na baba yake? Baba yake haoni, wanamdanganya.

Lakini alipolala, neno moja halikumpa usingizi. Mara ile alikuwa na hakika vilevile. Alikuwa na hakika kabisa, na hakuuliza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Salvina alivaa viatu vyake vya shuleni, akavuka uwanja wa kanisa, akaenda hadi kisimani.

Msaidizi wa Otmar, mzee mmoja mkavu aitwaye Mageni, alikuwa amesimama kwenye lile gogo la kuzungushia kamba, akingoja ndoo ya udongo ijae. Salvina alimwamkia.

"Shikamoo, Mzee Mageni."

"Marahaba, mayu. Mwadila?" alijibu mzee kwa salamu yake ya Kisukuma, akatabasamu. "Leo mwalimu umekuja kutukagua?"

"Fundi yuko wapi?"

Mageni akaonesha kidole chini. Salvina akachungulia. Ukuta wa mawe ulishuka duara kwa duara, ukaingia gizani. Na kule chini kabisa, kina cha watu watano waliopandana mabegani, aliona kofia.

"Mzee Mageni, mama mpishi wa parokia amepakua makande. Nenda ukale kabla hayajapoa."

"Na fundi je? Akitaka kupanda nani atamvuta?"

"Fundi ana mazungumzo na mimi."

Mzee alimtazama Salvina, akaitazama kamba, kisha akafuta mikono kwenye suruali na kuondoka bila neno, kwa mwendo wa haraka ambao hakuna aliyeudhania kwa umri wake.

"Mageni! Vuta!" sauti ikapanda kutoka chini.

"Mageni ameenda kula," alisema Salvina.

Maji kidogo yakalia chini, kama mtu amehamisha mguu.

"Mwalimu?"

"Usiniite mwalimu. Mimi sijakufundisha kitu."

"Ulinifundisha kimoja," alijibu Otmar. "Hapo kituo cha basi."

Salvina alishukuru kwamba hamwoni. Angekuwa mbele yake, na mabega yale, pengine maneno yangemkwama. Alipiga magoti ukingoni, akashika jiwe kwa mikono miwili.

"Otmar, nitakuuliza, na wewe utanijibu. Usiponijibu, sitaivuta kamba hii mpaka jua litue."

"Uliza."

"Unataka kumwoa Zipora?"

"Nani?"

"Usinichezee! Kitenge umemletea nani?"

"Nilikuletea wewe!" Sauti yake ilipasua kisima ikatoka juu kama imepigwa kwa ngumi. "Nilitoka nacho Mwanza. Nikampa mzee siku ya kwanza nilipoingia kwenu, nikamwambia, 'Baba, nimekuja tena kwa yuleyule. Mara ya kwanza nilifanya kosa, nilimfuata binti bila kupita kwa wazazi, mkaona sina adabu. Safari hii napitia kwako.' Akakipokea. Akasema nisikwambie chochote mpaka yeye aseme."

Salvina alizidi kuinama ukingoni. "Na siku zote hizi mnazungumza nini?"

"Ananipa Zipora. Kila siku ananipa Zipora. Kila siku namwambia Zipora ni mtoto, simtaki, namtaka dada yake. Anasema dada yake hataki hata kusikia jina langu. Anasema kuna mwalimu mkuu, Eustace, ameshakuposa na umekubali."

"Eustace!" Salvina alisahau hasira kwa mshangao. "Eustace ana mke na watoto sita!"

Chini maji yakalia tena.

"Mimi nitajuaje?" alisema Otmar polepole. "Nilikuwa nakuona unavyoninunia uani na ungo wako, nikasema ndiyo, mzee anasema kweli. Hataki hata kuniona."

Salvina alitaka kuamini, na kwa sababu hiyo akajizuia. Mtu anayetaka sana kuamini hudanganywa kirahisi. Maneno matamu huweza kutoka hata shimoni.

"Bado sijamaliza. Mwaka ule. Maganzo. Ulikuwa na mwanamke mwenye mimba?"

"Nani alikwambia hivyo?"

"Nijibu kwanza."

"Mwaka ule, hapana. Sikuwa na mwanamke yeyote. Nilikuwa nalala kibandani na wanaume saba, kila mmoja ananuka jasho lake." Salvina aliona kofia ikiinama kule chini. "Lakini baadaye, ndiyo. Miezi sita baada ya kunikataa, nilimchukua mwanamke, anaitwa Sikujua. Nilimchukua kwa hasira, na yeye alilijua hilo, maskini. Tulikaa miaka minne. Akaondoka na mtu mwingine. Simlaumu. Tuna mtoto wa kike, Esta, ana miaka saba. Yuko Mhunze kwa mama yangu."

Maneno yale yalimchoma Salvina pale ambapo hakutarajia. Kwa hiyo kulikuwa na mwanamke. Kulikuwa na mtoto. Uongo alioambiwa jikoni ulikuwa umegeuka kuwa kweli, na aliyeugeuza ni yeye mwenyewe, kwa maneno yake manne ya kituoni.

"Kwa nini unaniambia? Ungeweza kunificha."

"Umeuliza."

Salvina aliinama, akaweka paji la uso juu ya jiwe. Jiwe lilikuwa na joto la jua. Alilia kidogo, bila sauti, akifikiri kwamba kule chini hakuna anayejua. Aliposimama kushika mpini wa gogo amvute, alisikia mikwaruzo, pumzi nzito, na mara kofia ikatokeza, kisha mabega, kisha Otmar mzima, ametapakaa tope, akipanda kwa kushika mawe yaliyochomoza ukutani, moja baada ya jingine kama ngazi. Akavuka ukingo, akaketi juu yake, akihema.

Salvina alimkodolea macho. "Kumbe ulikuwa unaweza kupanda mwenyewe?"

"Fundi gani anajenga kisima asimoweza kutoka?"

"Basi kwa nini hukutoka?"

Otmar alijifuta uso kwa mkono, akazidi kuuchafua. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, alimtazama moja kwa moja, machoni, na Salvina akaona kwamba macho yale hayakuwa yamezeeka hata kidogo.

"Miaka tisa nilikuwa nangoja uniulize," alisema. "Nitoke niende wapi?"

Hakumshika mkono. Hakusogea. Salvina naye akaketi ukingoni, wakabaki vile, nafasi ya mtu mmoja kati yao, mpaka Mageni alipoanza kukohoa kwa nguvu kutoka upande wa jikoni ili wajue anakuja.

"Sijakukubali," alisema Salvina akisimama. "Nitaenda kumuuliza baba. Halafu ukaniletee huyo mtoto nimwone. Watu wazima wote wamenidanganya, nataka kusikia kwa mtoto."

"Nitamleta," alisema Otmar.

Mzee Stanslaus alikuwa ameketi kitandani, rozari mkononi. Aliutambua mwendo wa binti yake.

"Salvina? Umechelewa. Uji wangu?"

"Leo uji utaupika Zipora, baba. Mimi nina swali." Aliketi kwenye kiti kilekile alichokuwa akikalia Otmar. "Umemwambia Otmar kwamba nimeposwa na Eustace?"

Punje za rozari ziliacha kutembea. Mzee alielekeza uso wake dirishani, kwenye ule mwanga mweupe ambao ndio pekee alioweza kuuona.

"Nimesema hivyo."

"Na ukampa Zipora kitenge changu."

"Zipora ni kijana. Ataolewa tu, na yeyote. Wewe ..." Sauti ikamkatika. "Wewe ndiye unayejua dawa yangu iko wapi. Wewe ndiye unayenisomea Injili. Nikienda kanisani, wewe ndiye unayeniambia kuna jiwe mbele. Ukienda, nitakuwa nani? Kipofu wa kupigiwa hodi mara moja kwa mwezi."

Huruma ilimjia Salvina ghafla, kama ilivyokuwa ikimjia kila siku, na kwa miaka yote ile huruma hiyo ndiyo iliyofunga kila jambo. Safari hii hakuiachia ifunge. Lilikuwa limebaki swali moja, na aliliogopa kuliko yale ya kisimani.

"Baba. Mwaka ule shangazi Epifania alinieleza habari ya mwanamke wa Maganzo. Yeye aliisikia wapi?"

Huko uani Zipora alikuwa akipasua kuni, pigo, kimya, pigo.

"Baba, nakuuliza."

"Nilimtuma mimi," alisema Mzee Stanslaus. "Mama yako alikwishaanza kuugua. Mhunze ni mbali. Niliona nyumba inabomoka. Nikamwambia Epifania aseme. Alikataa, nikamlazimisha. Ndiyo maana alilia, mwanangu. Hakuwa akikulilia wewe."

Salvina alikumbuka machozi yale ya shangazi, ambayo aliyaamini kuliko maneno yenyewe.

"Nisamehe," alisema mzee.

"Nitajaribu," alijibu Salvina. "Leo siwezi, baba. Nitakudanganya nikisema naweza, na humu ndani tumedanganyana vya kutosha." Akainuka. Akamwekea blanketi magotini, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vingine. "Sitakuacha bila mtu. Kule nitakakokuwa utakuwa na chumba, na Zipora ataanza leo kujua dawa zako. Lakini nitaolewa na ninayemtaka, na neno hilo hutamwambia mtu mwingine kwa niaba yangu."

Wiki mbili baadaye, alasiri ya Jumapili, Otmar aliteremka kwenye basi la Kahama akiwa ameshika mkono wa msichana mwembamba aliyevaa gauni jeupe lililochafuka vumbi la safari. Salvina alikuwa amewangoja pale kituoni tangu misa ya pili ilipokwisha. Alikuwa amejiahidi kutotabasamu mapema.

"Shikamoo," alisema Esta.

"Marahaba. Umechoka?"

"Hapana." Mtoto alimkagua kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, kwa jicho la mteja asiyetaka kuuziwa kitu kibovu. "Wewe ndiye uliyemkataa baba?"

Otmar aliruka kidogo. "Esta!"

"Mwache aulize," alisema Salvina. Alichutama ili nyuso zao ziwe sawa. "Ndiyo. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa uongo, na sikumuuliza mwenyewe."

Esta alilipima jibu hilo. Lilionekana kumtosha.

"Na mimi nina swali langu," alisema Salvina. "Unijibu kweli, hata kama baba yako anasikia. Baba yako akikwambia atarudi kesho, kesho hurudi?"

Otmar alitazama chini kama mwanafunzi anayesomewa matokeo. Konda alikuwa juu ya basi akiteremsha mizigo, akipaza sauti watu wasogee, na hakuna kati ya wale watatu aliyesogea.

Esta alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, akihesabu kitu kwa vidole nyuma ya mgongo.

"Hapana," alisema mwishowe. "Hurudi keshokutwa. Saa nyingine siku ya tatu yake, gari likiharibika." Akamwangalia Salvina machoni. "Lakini hurudi."

Salvina alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikubwa, cha msichana wa miaka ishirini na miwili, mpaka mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga akageuka kuona mwalimu wa darasa la nne amepatwa na nini. Alisimama, akachukua mkoba mdogo wa Esta, akaubeba mwenyewe.

"Otmar," alisema, "mwambie padri atutangaze Jumapili ijayo."

Otmar alifungua mdomo. Midomo ilitembea, maneno hayakuja; macho yalikuwa yamemjaa maji mbele ya kituo kizima. Esta alimtazama baba yake, akaona hakuna msaada utakaotoka upande huo, akaamua kujibu yeye.

"Amekubali," alisema.